Chuo kikuu na jamii katika kazi moja: mwongozo kamili wa kuanzisha na kuendesha miradi ya uendelevu

Hati nyingi za makubaliano kati ya vyuo vikuu na jamii hufia kabatini. Siku ya kutia saini kuna meza ya mbele, picha na vinywaji. Baada ya hapo ni kimya cha miezi minane, kisha barua pepe ya kuomba "taarifa ya utekelezaji". Mara nyingi hati haina kosa. Kuna mambo matatu yaliyopaswa kukubaliwa kabla kalamu haijashikwa: swali ni la nani, fedha zinapita mikononi mwa nani, na tarehe zinafuata kalenda ya nani. Mwongozo huu unafuata kazi tangu siku ya kwanza hadi makabidhiano, na yale matatu yatarudi kila hatua kwa sababu ndiyo yanayoamua mradi upone au ufe.

Wazo la chuo kushughulikia mazingira na matatizo ya jamii inayokizunguka si geni. Mwaka 1990 wakuu wa vyuo waliokutana Talloires, Ufaransa, walitoa azimio la vipengele 10 la kuvifanya vyuo vishughulikie mazingira katika ufundishaji, utafiti na uendeshaji wake. Kabla ya hapo, miaka ya 1970, Uholanzi ilikuwa imeanza "maduka ya sayansi": ofisi ndani ya chuo ambako kikundi cha wananchi kisicho na uwezo wa kumlipa mtaalamu huleta swali lake, na wanafunzi chini ya wahadhiri hulitafutia jibu. Ajenda ya 2030 ya maendeleo endelevu, iliyopitishwa na nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa Septemba 2015, ina malengo 17 na shabaha 169, na lengo la mwisho kati ya hayo ni ushirikiano. Tahadhari moja mapema: kubandika nembo za malengo hayo kwenye ripoti si kazi. Tangu 2019 kuna orodha za kimataifa zinazopanga vyuo kwa mchango wao katika malengo haya, na baadhi ya ofisi za vyuo zimejifunza kuhesabu nembo haraka kuliko kuhesabu visima.

Hatua ya 1: Amueni ukubwa wa kazi

Ushirikiano una saizi tatu, na kosa la kwanza ni kuahidi kubwa wakati uwezo uliopo ni wa ndogo.

Saizi ya kwanza ni kazi ya muhula mmoja, wiki 12 hadi 15. Darasa la wanafunzi linapewa swali dogo lenye mipaka: ramani ya mahali taka zinapotupwa, hesabu ya miti iliyopona baada ya kupandwa, tathmini ya matumizi ya umeme katika jengo la umma. Inahitaji mhadhiri mmoja, mtu mmoja wa upande wa jamii, na fedha kidogo za usafiri.

Saizi ya pili ni utafiti wa pamoja wa miaka miwili au mitatu, wenye bajeti, kibali cha kamati ya maadili ya utafiti na wanafunzi wa uzamili. Ya tatu ni ufuatiliaji wa muda mrefu, kwa mfano kupima maji ya mto au hewa ya mtaa mwaka hadi mwaka, ambao haufanani na mradi bali huduma.

Kama pande mbili hazijawahi kufanya kazi pamoja, anzeni na ya muhula mmoja hata kama mfadhili anang'ang'ania kubwa. Muhula mmoja unatosha kuonyesha nani anajibu simu, nani anatimiza ahadi, na idara ya fedha ya chuo inachukua siku ngapi kulipa risiti ya nauli. Taarifa hizo ni ghali sana kuzipata katikati ya mradi wa miaka mitatu.

Hatua ya 2: Litafuteni swali kabla ya andiko la mradi

Hapa ndipo pa kutumia muda. Tengeni wiki 4 hadi 6 za kusikiliza, na mziingize kwenye bajeti kama kazi kamili. Utaratibu unaofanya kazi ni huu:

Fanyeni vikao vya watu 8 hadi 12. Zaidi ya hapo wanazungumza watatu na wengine wanatazama saa. Wanawake, vijana, wazee, wenye mali inayoguswa na wasio nayo wawe na vikao vyao tofauti kwanza, kwa kuwa mpangaji hatamwambia mwenye nyumba mbele ya watu kwamba shimo la choo limejaa. Baada ya hapo ndipo kikao cha pamoja.

Tembeeni eneo lote kwa miguu na wenyeji watatu au wanne, mkifuata mstari unaokata eneo kutoka juu hadi chini: kilimani hadi bondeni, barabarani hadi mtoni. Andikeni kila kinachotajwa. Kwenye matembezi watu husema mambo ambayo hayatoki ukumbini. Mtu akisimama juu ya mtaro anakumbuka mwaka uliofurika, na maji yalifika wapi ukutani.

Choreni kalenda ya mwaka ya wenyeji: miezi ya mvua, kazi nyingi, magonjwa, uhaba wa maji, shule, sikukuu. Karatasi hii itahitajika tena katika hatua ya 5.

Orodhesheni matatizo, kisha kila mshiriki apewe mbegu au vijiti 5 aviweke kwenye matatizo anayoona yana uzito. Hesabuni mbele ya wote.

Kutoka hapo mtakuwa na maswali matatu au manne. Yapitisheni kwenye chujio la mambo manne. Je, jibu tayari lipo? Wiki moja ya mwanafunzi mmoja maktabani mara nyingi hugundua kwamba eneo hilohilo lilishapimwa, na ripoti haikurudishwa kamwe kwa wenyeji. Basi kazi yenu ya kwanza ni kuirudisha. Je, kuna mwenye mamlaka anayeweza kutenda kwa jibu hilo, na mnamjua kwa cheo chake? Je, linaweza kujibiwa kwa muda na fedha zilizopo? Na nani atapoteza jibu likitoka?

Swali la pili ndilo linaloangusha miradi mingi. Kuuliza "watu wana mtazamo gani kuhusu mabadiliko ya tabianchi" kunatoa dodoso na makala, lakini hakuna anayesubiri jibu. Kuuliza "mtaro upi kati ya hii 6 uzibuliwe kwanza ili maji yasiingie zahanati" kuna anayesubiri, na ana bajeti yenye tarehe ya kufungwa.

Andikeni swali lililochaguliwa kwenye kurasa 2, kwa lugha inayozungumzwa na wahusika, wakiwemo wasiosoma ambao watasomewa. Andiko kwa mfadhili litatokana na kurasa hizo. Mkifanya kinyume chake, yaani andiko likatangulia, vikao vyote vitakavyofuata vitakuwa vya kuwashawishi watu wakubali swali la mtu mwingine.

Hatua ya 3: Nani anakaa mezani

Asiyekuwapo na lake halipo. Kwa upande wa jamii msitegemee kiongozi mmoja, hata akiwa mwema, kwa sababu uchaguzi au ugomvi mmoja utaondoka na mradi mzima. Tafuteni watu watatu wenye misingi tofauti ya kuaminiwa: mmoja wa uongozi rasmi, mmoja wa kikundi kilichopo tayari (cha akiba, cha watumiaji maji, cha dini, cha wakulima), na mmoja asiye na cheo ambaye watu humwendea wakiwa na shida.

Kwa upande wa chuo, mhadhiri mmoja mwenye ari hatoshi. Mnahitaji:

- mtafiti kiongozi mwenye mkataba unaozidi muda wa mradi;
- mtu wa ofisi ya utafiti anayejua njia za vibali;
- mhasibu aliyehudhuria angalau kikao kimoja cha jamii, ili siku ya kukataa risiti ajue anaikataa ya nani;
- mtunza takwimu;
- mratibu wa kati, anayelipwa, anayekaa karibu na jamii na kuzungumza lugha yake.

Huyo wa mwisho hukatwa wa kwanza bajeti inapobana, na bila yeye kazi yote ya kupigiana simu humwangukia mwanafunzi wa uzamili ambaye ana tasnifu ya kumaliza. Afadhali kupunguza vifaa kuliko kumpunguza mratibu.

Upo pia ukweli usiopendwa kusemwa: mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala. Kikao cha usiku na wavuvi hakimwongezei pointi. Kabla ya kuanza, mkuu wa kitivo aandike barua inayoeleza ni kazi zipi za mradi zitahesabiwa katika tathmini yake: ripoti kwa halmashauri, mafunzo kwa wananchi, takwimu zilizochapishwa. Bila barua hiyo, mwaka wa pili atakuwa amechoka, na atakuwa na haki ya kuchoka.

Hatua ya 4: Makubaliano ya kurasa tano

Hati ya makubaliano ya chuo kizima ni ya picha na mamlaka. Chini yake andikeni makubaliano ya kazi, kurasa zisizozidi 5, yasainiwe na watakaofanya kazi wenyewe. Yaseme:

Swali na mipaka yake, ikiwa ni pamoja na kile ambacho mradi hautafanya. "Mradi huu utapima maji, hautachimba kisima" ni sentensi inayookoa urafiki.

Takwimu ni za nani. Pendekezo letu: takwimu ghafi zikae pande zote mbili, na jamii iwe na nakala inayofunguka bila idhini ya mtu wa chuo.

Uchapishaji. Rasimu yoyote ya makala, habari au wasilisho ipelekwe kwa jamii siku 30 kabla. Jamii inaweza kurekebisha makosa, kuomba majina ya mahali yafichwe, na kuandikiwa maoni yake tofauti ndani ya makala. Je, iweze kuzuia kabisa? Amueni sasa, siyo siku ambayo jibu limewaudhi watu. Kanuni ya maadili ya utafiti iliyotolewa mwaka 2017 na Wasan, jamii ya watu wa asili wa Afrika Kusini, inasimama juu ya nguzo za heshima, uaminifu, haki na usawa, kujali na kufuata utaratibu. Ni kielelezo kizuri cha jamii kuandika masharti yake yenyewe badala ya kuletewa fomu.

Mimea, mbegu, vimelea na maarifa ya asili. Kama mradi unagusa rasilimali za kijenetiki, Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa uliopitishwa 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2014, inadai ridhaa ya awali na masharti ya kugawana manufaa yaliyokubaliwa na pande zote. Ulizeni mamlaka ya nchi kabla ya kung'oa hata jani.

Migogoro na kuachana. Nani anasuluhisha, taarifa ya kujitoa ni ya siku ngapi, na vifaa vinabaki kwa nani.

Hatua ya 5: Fedha na kalenda

Mgawanyo tunaoupendekeza kwa mradi wa pamoja, katika kila 100 ya bajeti: 35 zipitie upande wa jamii (mratibu, posho za wapimaji, ukumbi, usafiri, mawasiliano), 30 watafiti na maabara, 15 gharama za uendeshaji za chuo, 10 kurudisha matokeo, 10 matengenezo na dharura. Vyuo vingi vitataka zaidi ya 15. Bishaneni. Kifungu cha kurudisha matokeo kifungwe kwa jina lake, kisihamishike, kwa sababu kikiachwa ndani ya "mengineyo" kitakuwa kimekwisha mwezi wa kumi.

Muda wa watu wa kujitolea nao una hesabu yake. Chukua wapimaji 12, saa 3 kwa wiki, kwa wiki 26: ni saa 936, karibu sawa na mfanyakazi mmoja wa saa 40 kwa wiki kwa miezi mitano na nusu. Kama huwezi kumwomba mtu mmoja afanye kazi miezi mitano bure, usiwaombe kumi na wawili wagawane mzigo huohuo bila hata nauli.

Kikundi cha jamii hakiwezi kutumia fedha zake kwanza na kulipwa baadaye. Chuo kitoe masurufu ya robo mwaka mapema, na robo inayofuata itolewe risiti za asilimia 70 zikirudi, siyo 100. Risiti ya mwisho huchelewa kila mara. Kubalianeni na mhasibu mapema aina za uthibitisho: mama lishe na mwendesha bodaboda hawana risiti ya mashine, kwa hiyo daftari lenye jina, kiasi, tarehe na saini litambuliwe kwa maandishi kuwa linatosha hadi kiasi fulani.

Kisha kalenda. Chukueni karatasi kubwa moja, mchore mistari mitatu, mmoja chini ya mwingine: mihula na mitihani ya chuo, mwaka wa wenyeji mliouchora katika hatua ya 2, na mzunguko wa bajeti wa serikali ya mahali. Mtaona mara moja balaa lilipo. Likizo ya wanafunzi huweza kuangukia wiki za mavuno. Ripoti iliyopangwa kutoka mwezi mmoja baada ya bajeti kupitishwa itasubiri bajeti ijayo kwa miezi 11. Anzeni na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha maombi ya bajeti, mrudi nyuma: wiki 3 za kuandika muhtasari, wiki 4 za kutafsiri matokeo na wenyeji, wiki 4 za uchambuzi, na hapo ndipo mjue upimaji unapaswa kukoma lini.

Hatua ya 6: Ridhaa na usiri

Kibali cha kamati ya maadili huweza kuchukua wiki 4 hadi 12. Kiombeni mapema, na mwombe kiruhusu mabadiliko madogo bila kurudi mwanzo, kwa sababu kazi shirikishi hubadilika njiani. Ridhaa iombwe mara mbili: ya jamii kupitia utaratibu wake, na ya mtu mmoja mmoja. Ya kwanza haifuti ya pili. Kiongozi akikubali kwa niaba ya watu 400, bado kila mmoja ana haki ya kusema hapana bila kuulizwa sababu.

Ramani ndizo zinazosahaulika. Ukiandika nukta za mahali (latitudo na longitudo) kwa desimali 5 za digrii, umeonyesha mlango wa mtu kwa usahihi wa takribani mita 1. Desimali 3 ni kama mita 110, desimali 2 ni kilomita 1 na ushei. Kwa matokeo ya afya, uchafuzi wa kisima cha mtu au makazi yasiyo rasmi, chapisheni kwa desimali 2 na mtunze zile kamili mahali pamefungwa. Kwa mimea adimu, hata 2 inaweza kuwa nyingi mno.

Hatua ya 7: Kupima pamoja

Andikeni utaratibu wa upimaji kwenye ukurasa mmoja wenye picha. Wafundisheni wapimaji siku moja darasani na siku moja mahali pa kazi, kisha kila mmoja apime peke yake mbele ya mwalimu kabla ya takwimu zake kuhesabiwa. Katika kila sampuli 10, moja ichukuliwe mara mbili. Katika kila 20, moja iwe ya maji safi yaliyoandaliwa maabara na kupitishwa njia ileile, ili kujua kama chupa au mikono ndiyo inayoleta uchafu. Kwa vituo 12 vinavyopimwa mara moja kwa wiki kwa wiki 26 mtakuwa na sampuli 312, pamoja na rudufu 31 na za maji safi 16: jumla 359. Hiyo ndiyo idadi ya kupeleka maabara kuombea bei. Wengi hupeleka 312, na miezi ya mwisho wanapunguza vituo.

Mambo ya kuangalia hutegemea kinachopimwa.

*Maji na vijidudu.* Chupa iliyotakaswa, mililita 100 au zaidi, iachwe nafasi ya hewa juu. Kama maji yana klorini, chupa iwe na sodiamu thiosalfeti, la sivyo klorini inaendelea kuua bakteria njiani na mtaambiwa maji ni safi. Zibebwe gizani kwenye barafu, zifike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana, na zisipite 24. Kipimo cha kuzingatia kwa maji ya kunywa ni kutopatikana kwa E. coli, bakteria anayeashiria kinyesi, hata mmoja katika mililita 100.

*Hewa.* Vihisi vya bei nafuu vinafaa kuonyesha tofauti kati ya mahali na mahali, au saa na saa. Kabla ya kuvisambaza, viwekeni vyote pamoja na mtambo rasmi wa kupimia kwa wiki 2, na mrudie kila baada ya miezi 6. Unyevu mwingi wa hewa huzidisha vipimo vya vumbi laini kwa sababu chembe hufyonza maji na kuonekana kubwa. Asubuhi yenye ukungu itawadanganya. Shirika la Afya Duniani lilishusha viwango vyake mwaka 2021: vumbi laini liitwalo PM2.5 lisizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka, na 15 kwa saa 24.

*Taka za majumbani.* Pimeni siku 8 mfululizo na mtupe matokeo ya siku ya kwanza, kwa sababu siku hiyo kaya hutoa limbikizo la siku zilizotangulia. Siku 7 zinazobaki zinabeba wiki nzima pamoja na mwisho wake.

Mfano wa kutazama kwa karibu ni mji wa Flint, jimbo la Michigan, Marekani. Mwaka 2014 mji ulibadili chanzo cha maji ukaanza kutumia Mto Flint. Wakazi walilalamikia rangi na harufu. Wakajibiwa kuwa maji ni salama. Mwaka 2015 timu ya chuo cha Virginia Tech chini ya Marc Edwards ilituma vifurushi 300 vya kupimia madini ya risasi. Waliogawa, kufundisha na kukusanya walikuwa wakazi wenyewe, na vilirudi zaidi ya 250. Kila kifurushi kilikuwa na chupa 3: lita 1 ya maji ya kwanza kabisa baada ya bomba kulala saa 6 au zaidi, mililita 500 baada ya kuyaacha yatiririke sekunde 45, na mililita 125 baada ya dakika 2.

Zingatia mpangilio huo. Maji ya kwanza yalilala kwenye bomba la jikoni na viungio vyake. Ya pili yametoka mbali zaidi, karibu na bomba linaloiunganisha nyumba na barabara. Ya tatu yanakaribia hali ya maji ya mtandao mkuu. Chupa tatu zinasema risasi inaingilia wapi, jambo ambalo chupa moja haiwezi. Upimaji rasmi ulikuwa umewaelekeza watu kufungulia bomba kwa muda kabla ya kulilaza usiku, na hilo huondoa sehemu ya risasi kabla ya kupimwa. Nyumba moja kati ya kila 10 katika upimaji wa wakazi ilizidi mikrogramu 25 kwa lita, ilhali kiwango cha sheria cha kuchukua hatua kilikuwa 15. Oktoba 2015 mji ulirudi kwenye maji ya Detroit. Wakazi ndio waliojua kuna tatizo na nyumba zipi zipimwe. Chuo kilijua chupa ngapi na kwa nini. Upande mmoja peke yake ungeishia kwenye malalamiko, na ule mwingine peke yake kwenye makala.

Hatua ya 8: Kikao cha kutafsiri

Kabla ya uchambuzi kukamilika, rudini na michoro ambayo bado ni rasimu. Ichapisheni kubwa, mstari mmoja kwa kila mchoro, vipimo vimeelezwa kwa vitu vinavyoonekana: ndoo, kijiko, siku. Msianze na hitimisho. Ulizeni: "Mbona wiki ya 14 imepanda hivi?" Anayejua ni mwenye kuishi pale: wiki hiyo bwawa la juu lilifunguliwa, au kiwanda kilifunga kwa matengenezo, au mpimaji alikuwa msibani, na aliyepima ni mdogo wake. Maelezo ya namna hii hubadilisha uchambuzi, kwa hiyo yaandikwe na mwenye kuyasema atajwe kama atapenda.

Kosa la kawaida ni kuandaa kikao hiki kama sherehe ya kufunga, na mgeni rasmi. Mbele ya mgeni rasmi hakuna atakayewaambia kwamba kituo namba 4 kilipimwa nyuma ya kizuizi.

Hatua ya 9: Kwenda kwa mwenye kuamua

Mwenye mamlaka apate ukurasa mmoja: tatizo kwa sentensi mbili, namba tatu, hatua inayoombwa, gharama yake, na kifungu cha bajeti au sheria kinachoiruhusu. Namba zilinganishwe na kiwango anachowajibika nacho kisheria, siyo na makala ya kimataifa. Wasilisho litolewe na mwanajamii, na mtafiti akae pembeni kwa ajili ya kujibu maswali ya kitaalamu.

Msimshtukize. Mtu anayelaumiwa aone matokeo siku 7 hadi 14 kabla ya vyombo vya habari, isipokuwa kuna hatari ya afya ya papo hapo. Hapo wenye kudhurika ndio waambiwe kwanza, siku hiyohiyo. Andikeni hilo kwenye makubaliano ya hatua ya 4, maana siku ya hatari hakuna muda wa kuitisha kamati.

Hatua ya 10: Kuendelea au kukabidhi

Miezi 6 kabla ya fedha kuisha, amueni moja kati ya mawili. Kama kazi inaendelea, iingie kwenye mfumo wa kudumu: kozi inayorudi kila mwaka ili kila kundi la wanafunzi lichukue pale lilipoachwa na wenzao, pamoja na mstari ndani ya bajeti ya serikali ya mahali. Kozi bila daftari la makabidhiano huishia kuwahoji watu walewale maswali yaleyale; ndivyo wenyeji wanavyochoka na kuanza kujibu ilimradi mgeni aondoke. Wekeni rejista ya nani alihojiwa lini, na kaya isiguswe tena ndani ya miezi 12.

Kama kazi inaisha, kabidhini kwa orodha: vifaa na tarehe ya mwisho ya kurekebishwa usahihi wake, vipuri na mahali vinapouzwa, nywila za akaunti, lahajedwali kamili pamoja na nakala iliyochapishwa, mawasiliano ya maabara na bei yake, na jina la ofisi ndani ya chuo, siyo la mtu, itakayojibu barua baada ya miaka miwili. Siku ya makabidhiano mwombeni mpimaji wa jamii afanye mzunguko mzima peke yake: achukue sampuli, aiingize kwenye kumbukumbu, atoe mchoro. Akikwama, ahirisheni kusaini hadi wiki inayofuata.